Binti anaingia kidato cha tatu: abebe masomo tisa au aache fizikia na kemia?

Mama Hafsa
Wakuu habari za jioni. Binti yangu amemaliza kidato cha pili, Januari anaingia cha tatu. Shuleni wametupa fomu ya kuchagua mchepuo, na wanaitaka siku ya kufungua. Akibaki sayansi anakuwa na masomo tisa. Akienda atsi (masomo ya sanaa) anabaki na saba. Mwenyewe anasema anataka udaktari. Kiswahili, historia na uraia yuko vizuri, baiolojia anajitahidi, kemia inapanda inashuka, fizikia ndiyo inamliza. Mwalimu wa taaluma ameniambia nimwondoe sayansi mapema ili nilinde divisheni yake (daraja la ufaulu wa kidato cha nne). Baba yake hataki kusikia. Mimi namwona mtoto anafunga daftari saa sita usiku na saa kumi na moja yuko macho. Waliopitia hili naomba mnisaidie.

Kaka wa Sinza
Aache. Chuo hawaangalii ulihangaika vipi, wanaangalia cheti. Bora divisheni wani ya atsi kuliko divisheni foo ya sayansi. Nimewaona wengi waliong'ang'ania fizikia kwa sababu ya mzazi, leo wako nyumbani.

Baba Watatu
Kaka wa Sinza, umekimbilia divisheni foo kana kwamba hakuna katikati. Mama Hafsa, swali moja: akiacha fizikia na kemia, udaktari anaupatia wapi? Udaktari wa binadamu unataka PCB kidato cha sita, yaani prinsipo tatu (ufaulu wa A hadi E) za fizikia, kemia na baiolojia. Ukitoa mbili pale, mlango umefungwa akiwa na miaka kumi na tano. Fomu ya mchepuo ndiyo fomu ya kwanza ya chuo kikuu, wazazi wengi hawajui hilo.

Mwalimu Chokaa
Salamu kwenu. Nafundisha sekondari ya serikali, nitachangia upande wa hesabu za divisheni kwa sababu naona zinasemwa vibaya kila mwaka.

Mtahiniwa wa shule anasajiliwa masomo yasiyopungua saba na yasiyozidi kumi. Divisheni inatokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Divisheni wani ni pointi 7 hadi 17, tuu ni 18 hadi 21, thrii ni 22 hadi 25, foo ni 26 hadi 33.

Sasa mchukue mtoto wa atsi mwenye masomo saba: uraia B, historia B, Kiswahili B, Kiingereza B, jiografia C, baiolojia C, hesabu D. Jumla 18, divisheni tuu. Mpeni mtoto huyohuyo kemia C na fizikia D. Saba bora zinakuwa B nne na C tatu, jumla 17, divisheni wani. Somo la hesabu limetoka kwenye zile saba, fizikia haikuingia kabisa. Mwenye masomo saba hana akiba, kila alichokosea kinabaki pale pale. Kwa hiyo kusema masomo tisa yanaharibu divisheni si sahihi.

Kaka wa Sinza
Mwalimu, hapo umemfanyia mtoto hesabu ya karatasini. Hizo B nne zimebaki vilevile baada ya kuongeza masomo mawili mazito? Fizikia na kemia zinakula muda. Historia ikishuka kutoka B kwenda C na jiografia ikishuka kutoka C kwenda D, piga tena: B tatu ni 6, C tatu za historia, baiolojia na kemia ni 9, na D moja ni 4. Jumla 19. Umerudi divisheni tuu, tena chini ya pale ulipoanzia.

Mwalimu Chokaa
Kweli, hiyo inatokea. Ila inategemea mtoto analipia muda huo kutoka wapi. Darasani kwangu wengi hawautoi kwenye historia, wanautoa kwenye simu.

Mzee wa Iringa
Sisi tulisoma masomo tisa, kuni tunakata wenyewe, shamba la shule tunalima wenyewe, na tulifaulu. Watoto wa siku hizi wanadekezwa.

Mwanahawa wa Tanga
Mzee wa Iringa shikamoo. Na darasani mlikuwa wangapi, na waliofika chuo kikuu walikuwa wangapi? Tuanzie hapo kwanza ndipo tuhesabu kuni.

Mzee wa Iringa
Marahaba mwanangu. Wachache sana, sikatai. Lakini tulilala mapema, hilo nalo liandikeni. Saa tatu na nusu taa zinazimwa, upende usipende.

Nesi Songea
Mimi nitoe upande ambao hamjaugusa. Mama Hafsa, mtoto akitaka kazi ya afya si lazima apite kidato cha sita. Stashahada ya utabibu kupitia vyuo vilivyo chini ya NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) inataka ufaulu wa D nne kidato cha nne kwa masomo yasiyo ya dini, na ndani yake iwemo kemia, baiolojia na fizikia. D tu. Kwa hiyo fizikia ya D inayomliza leo ndiyo hiyohiyo inayofungua chuo cha utabibu. Mtoto mwenye divisheni wani ya atsi hawezi kuomba pale, na mwenye divisheni thrii ya sayansi anaweza. Nimewapokea wanafunzi wa mazoezi wodini wa aina hii, na wanafanya kazi vizuri kabisa.

Akimaliza stashahada ya miaka mitatu na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 au zaidi, njia ya kwenda shahada ipo. Ni ndefu, ila ipo.

Baba Watatu
Nesi umesema jambo. Watu wanapigana na divisheni kumbe vyuo vingi vinasoma somo kwa somo.

Mwaka wa Pili MD
Habari wakubwa. Mimi nipo chuo, nasoma udaktari, naomba niweke tahadhari. Kigezo cha chini cha TCU (tume ya vyuo vikuu) kwa shahada nyingi ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, A ikiwa 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa hiyo D mbili zinatosha kuombea. Kwa udaktari usimdanganye mtoto kwa kigezo cha chini. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, kinachokuingiza ni ushindani. Darasani kwetu wamejaa wenye A na B.

Binti kama fizikia inamliza kidato cha pili, PCB itamliza zaidi. Kule kuna fizikia ya advansi (kidato cha tano na sita) na juu yake BAM, hesabu ndogo, kwa sababu PCB haina hesabu kubwa. Nilisoma PCB na kitu kilichonichosha zaidi kilikuwa mrundikano: fizikia nadharia, fizikia vitendo, kemia vitendo, baiolojia vitendo, BAM, na General Studies ambayo kila mtu aliidharau mpaka wiki ya mtihani.

Mwanahawa wa Tanga
Asante mdogo wangu. Kwa hiyo ushauri wako aache au abaki?

Mwaka wa Pili MD
Abaki na sayansi, ila mjue kwa nini anafeli fizikia kabla ya kujaza fomu. Mimi kidato cha pili nilikuwa na D ya fizikia.

Mwalimu Chokaa
Hapo ndipo penyewe. Mama Hafsa, chukua daftari lake la fizikia ulitazame. Hata kama hukusoma sayansi utaona. Nikupe mfano wa mtoto mmoja darasani kwangu, alikuwa anapata asilimia chini ya thelathini. Swali: gari limeanza na mwendo fulani, limeongeza kasi, tafuta muda. Fomula kaiandika sawasawa, v = u + at, u ni mwendo wa kuanzia, v wa mwisho, a ni ongezeko la kasi, t ni muda. Mstari wa pili ameandika t = v − u/a. Amegawa u peke yake kwa a, v kaiacha inaning'inia. Ilitakiwa v − u yote ikae juu ya a. Kila swali la kukokotoa anaanguka mstari wa pili. Mtoto huyu hana tatizo la fizikia, ana tatizo la kuhamisha herufi alilotoka nalo hesabu za kidato cha kwanza. Tulikaa naye kwenye kuhamisha herufi tu, bila fizikia, na muhula uliofuata akavuka hamsini.

Kijukuu cha Kilwa
Mwalimu naheshimu, lakini mimi naona tatizo ni Kiingereza. Mtoto amesoma msingi miaka saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anaambiwa kila kitu kwa Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. Angalia masomo ambayo Hafsa anafanya vizuri: Kiswahili kipo. Swali la fizikia lina mistari minne ya maneno kabla ya namba, akishindwa kuelewa mistari ile atahamisha herufi gani?

Mwalimu Chokaa
Mbona historia na uraia nazo ni kwa Kiingereza na anafaulu?

Kijukuu cha Kilwa
Zile anakariri. Mpe swali la historia lililogeuzwa kidogo uone.

Mama Hafsa
Nimerudi wakuu, asanteni sana. Nijibu machache. Hafsa ni jina la mdogo wake, msimchanganye. Simu hana. Kiingereza chake si kibaya, alisoma shule ya mchanganyiko wa Kiswahili na Kiingereza. Nimefungua daftari la fizikia kama Mwalimu alivyosema na nimekuta kitu kingine: kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane hakuna noti kabisa, kurasa tupu. Nimemuuliza, anasema mwalimu wa fizikia alihamishwa na hawakupata mwingine mpaka Septemba.

Baba Watatu
Basi shauri limebadilika. Miezi minne bila mwalimu na mtihani ukaja uleule. Hapo mtoto anaonewa kuambiwa hawezi sayansi.

Kaka wa Sinza
Shauri halijabadilika ndugu yangu, limekuwa gumu zaidi. Kama shule haina mwalimu wa fizikia wa kudumu, kidato cha tatu na cha nne atafundishwa na nani? Unambebesha mtoto somo ambalo shule yenyewe haiwezi kulibeba. Maabara ipo? Vifaa vipo? Mama ulizia hilo kabla ya kusaini. Watu wengi wanaangalia uwezo wa mtoto na kusahau uwezo wa shule.

Nesi Songea
Hilo nakuunga mkono, Kaka wa Sinza. Shule nyingine kidato cha nne kizima kinashika bureti (kifaa cha maabara) kwa mara ya kwanza wiki mbili kabla ya mtihani wa vitendo.

Mkulima wa Kitale
Hamjambo majirani. Niko Kenya, nafuatilia. Kwetu KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ni masomo saba kwa uchache, wengi wanafanya manane. Kuanzia mwaka 2023 gredi ya jumla inahesabiwa kwa hisabati, lugha moja iliyo bora, na masomo mengine matano bora. Kwa hivyo lile la nane ni akiba kama alivyosema Mwalimu. Lakini ukija kwa KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, kila kozi ina kundi lake la masomo manne, na hapo akiba haikusaidii kama somo lenyewe la kozi liko chini. Binti wa dada yangu alikuwa na gredi nzuri ya jumla, akakosa uuguzi kwa sababu ya baiolojia. Gredi ya jumla ilifurahisha kijiji, kozi hakupata.

Mwanahawa wa Tanga
Mkulima karibu. Na huo mfumo wenu mpya je?

Mkulima wa Kitale
Gredi ya kumi wameanza Januari 2026. Mwanafunzi anachagua njia moja kati ya tatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Masomo ni saba tu, manne ya lazima na matatu ya kuchagua. Mzigo umepungua, lakini uchaguzi umekuja mapema. Jirani yangu analia kama Mama Hafsa, tofauti yeye mtoto anataka muziki na baba anataka uhandisi.

Mzee wa Iringa
Muziki! Haya.

Dada wa Minneapolis
Shikamooni wakubwa. Nipo Minnesota, na huku wazazi wetu wa Afrika Mashariki wana ugonjwa huohuo kwa jina jingine. Mtoto wa sekondari anaweza kuchukua masomo ya AP (ya kiwango cha chuo), yenye mtihani mwezi wa tano na alama za 1 hadi 5, au akachukua PSEO, mpango wa jimbo uliopo tangu 1985, ambapo mwanafunzi anasoma kozi za chuo bure akiwa bado sekondari. Kanisani kwetu wazazi wanashindana: wako ana AP ngapi? Mwanangu alichukua nne kwa mwaka mmoja, alama za darasani zikashuka kwenye masomo yote. Mshauri wa shule akatuita akatuambia vyuo vinatazama ugumu wa masomo na alama kwa pamoja, na kwamba nne kwa mtoto asiyelala hazisomeki vizuri. Mwaka uliofuata akachukua mbili. Mama Hafsa, binti kulala kwa saa tano tu kila siku ni jambo la kushughulikia kabla ya fomu yoyote.

Kijukuu cha Kilwa
Dada, huko kwenu mtoto akipunguza masomo bado anabaki na njia. Huku ukiacha kemia kidato cha tatu, hakuna kozi ya bure ya kukurudisha.

Dada wa Minneapolis
Nakubali. Kurisiti (kurudia mtihani) je?

Kijukuu cha Kilwa
Kurisiti kupo, anafanya kama mtahiniwa wa kujitegemea. Lakini kurisiti somo ulilolisoma na kuanza upya somo uliloliacha ni vitu viwili tofauti. Na vitendo anafanyia wapi?

Baba Watatu
Mimi nina mfano wa upande wa pili, nisionekane nashabikia sayansi tu. Wangu wa kwanza tulimng'ang'aniza PCM (fizikia, kemia, hesabu). Alipata S (ufaulu ulio chini ya prinsipo) ya fizikia na S ya hesabu kubwa, E ya kemia. Prinsipo moja. Chuo kikuu hakikumchukua, akarudi kwenye stashahada akianzia cheti chake cha kidato cha nne, miaka miwili ya advansi ikawa kama haipo. Wa pili tukamwacha achague, akachukua EGM (uchumi, jiografia, hesabu), sasa hivi anasoma takwimu na mkopo amepata. Ni watoto wa mama mmoja na nyumba moja.

Kaka wa Sinza
Ndiyo maana nasema aache!

Baba Watatu
Hapana. EGM ina hesabu kubwa pia. Hakukimbia ugumu, alikimbia fizikia.

Mdau wa Udahili
Naona uzi umejaa PCB na PCM kama vile hakuna kingine. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi (makundi ya masomo) za kidato cha tano kutoka 16 hadi 65. Ukweli shule moja haitoi zote, ila uwanja umepanuka. Kwa binti mwenye baiolojia na jiografia nzuri na kemia inayopanda na kushuka, mngemtazamia CBG (kemia, baiolojia, jiografia). Haimfikishi kwenye udaktari wa binadamu kwa sababu haina fizikia, lakini kilimo pale SUA (chuo kikuu cha kilimo), mazingira na ualimu wa sayansi anafika. Na kidato cha tano serikalini kunataka angalau C tatu kwenye masomo yasiyo ya dini na pointi zisizozidi 25 kwa masomo saba. Kwa hiyo shabaha ya miaka hii miwili ni C za masomo ya kombi (tahasusi) kwanza, divisheni inafuata.

Jambo jingine ni fedha. Samia Skolashipu inayotolewa tangu mwaka wa masomo 2022/23 inawalenga waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita. Kwa familia ambayo ada ni mtihani, hilo liwemo kwenye mazungumzo.

Mwanahawa wa Tanga
"Waliofanya vizuri sana" ndugu. Tusimwekee mama matumaini ya skolashipu kwa mtoto mwenye D.

Mdau wa Udahili
Sawa, nakubali. Nimelitaja kwa wanaosoma uzi huu wakiwa na watoto wa aina hiyo.

Mzee wa Iringa
Kuna mtu kamuuliza binti mwenyewe? Mama, baba, mwalimu wa taaluma na sisi wote humu tunamchagulia. Udaktari anautaka kwa sababu gani? Mjukuu wangu alitaka urubani mpaka siku aliyopanda ndege akatapika.

Mama Hafsa
Mzee wangu shikamoo, nimemuuliza usiku huu. Anasema anataka kazi ya hospitali, si lazima daktari. Bibi yake alilazwa mwaka huu na yeye ndiye aliyekuwa anapeleka uji. Maneno ya Nesi Songea nimemsomea yote, ametulia kidogo. Sasa ameniuliza swali ambalo sina jibu: anaweza kubaki na kemia akaacha fizikia peke yake, awe na masomo manane?

Mwalimu Chokaa
Kwa usajili inawezekana, manane yapo kati ya saba na kumi. Kikwazo ni ratiba ya shule. Shule nyingi zimepanga kipindi cha fizikia sambamba na somo la biashara au fasihi, na kemia vilevile. Ukiacha moja unaweza kukaa bila kitu kipindi kizima, au ukalazimika kuchukua bukukipingi (utunzaji wa hesabu za biashara). Muulize mwalimu wa taaluma ratiba ya mwaka kesho, si ya mwaka huu.

Nesi Songea
Mama, kabla hajaiacha fizikia akumbuke niliyosema. Utabibu unataka D ya fizikia. Manane bila fizikia yanambakishia CBG, lakini chuo cha utabibu anakikosa. Kwa mtoto anayetaka hospitali mimi nisingekata hiyo. D ya fizikia kwa miaka miwili ni mada chache zikisomwa vizuri, haihitaji kitabu kizima.

Kaka wa Sinza
Nesi, "mada chache" bila mwalimu?

Nesi Songea
Mwalimu amefika Septemba, mama kasema. Tena likizo hii yote ipo mbele yake, aanze na zile kurasa tupu.

Mwanahawa wa Tanga
Likizo apumzike jamani. Mtoto analala kwa saa tano tu.

Mwaka wa Pili MD
Asubuhi asome fizikia kwa saa mbili, mchana alale. Mama Hafsa, mimi nipo Dar, noti zangu za kidato cha kwanza mpaka cha nne ninazo. Nikupe kwa njia ya ujumbe wa faragha?

Mama Hafsa
Nipe mwanangu, Mungu akubariki. Baba yake anasoma uzi huu sasa hivi pembeni yangu, anauliza Mwalimu Chokaa unafundisha mkoa gani.

Mwalimu Chokaa
Dodoma. Mwambie somo la kuhamisha herufi halihitaji mwalimu wa fizikia, mwalimu yeyote wa hesabu hapo mtaani anaweza. Aanze na maswali mafupi kumi kwa siku, asimpe ya maneno kwanza.

Kijukuu cha Kilwa
Ya maneno ampe tangu siku ya kwanza! Ndiyo tatizo lenyewe.